Mwongozo kamili: bajeti ya kuongeza chumba kwenye nyumba unayoishi, bila kukwamia kwenye lenta

Kila mwaka kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa napokea simu za aina moja. Mtu kaongeza chumba pembeni ya nyumba yake, kuta zimefika kwenye lenta (mkanda wa zege unaofunga kuta juu ya milango na madirisha), hela imekata, na tayari ameshatoboa ukuta wa sebule ili kuweka mlango wa kuingilia. Sasa anaishi na tundu limezibwa kwa turubai na mvua za vuli ndo hizo zinakuja. Ukimuuliza bajeti alipangaje anajibu "fundi aliniambia milioni 6 inatosha".

Hapo ndo kosa lilipo. Ile milioni 6 haikuwa bajeti, ilikuwa ni kauli ya fundi.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya nyumba zetu za kawaida, tofali za saruji na bati, mtu anajenga kwa mfuko wake bila kontrakta. Mfano nitakaotumia ni wa Dar, ila hesabu ni zile zile uwe Kibaha au Morogoro. Sitakupa bei za kukariri maana zinabadilika kila baada ya miezi michache, nitakupa idadi ya vifaa na njia ya kuitafuta, bei utaweka za dukani kwako.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza kuhesabu

- Daftari moja la kazi hii tu, sio kurasa za nyuma za daftari la mtoto
- Tepu ya kupimia ya mita 5 au zaidi
- Kamba na mambo nane za mbao (vigingi vya kupigilia chini)
- Jembe na sururu (utachimba kidogo, nitaeleza kwa nini)
- Kikokotoo, cha simu kinatosha
- Karatasi za umiliki wa kiwanja, na mchoro wa nyumba kama unao
- Fundi ujenzi mmoja ambaye kazi yake umeiona kwa macho, na fundi paa kama sio mtu huyo huyo
- Siku mbili za kuzunguka madukani

## Hatua ya 1: Chora chumba chini kwa kamba, kwa mita

Usiseme "chumba kikubwa cha master". Nenda pale nje, piga mambo, funga kamba, alafu ingia ndani yake. Weka kitanda cha futi 6 kwa 6 kwa kupima, weka kabati, fungua mlango wa choo kwa mkono hewani. Watu wengi wakifanya hivi wanapunguza chumba au wanageuza mlango, na kupunguza nusu mita kwenye karatasi ni bure, kwenye msingi uliochimbwa ni hela.

Mfano wetu wote kuanzia hapa: chumba kinaungwa na ukuta wa nyumba kwa upande wa mita 4, kinatoka nje mita 3.6, ndani yake kuna choo cha mita 2 kwa 1.5 kwenye kona ya nje. Kwa hiyo kuta mpya ni 3.6 + 4 + 3.6, hiyo ni mita 11.2, na ukuta wa ndani wa choo ni 2 + 1.5, mita 3.5. Jumla mita 14.7 za ukuta. Andika namba hii kubwa kabisa kwenye ukurasa wa kwanza maana karibu kila kitu kinatoka kwake.

Onyo moja hapa. Angalia chumba kipya kinaziba dirisha la nani. Nimeona nyumba ambayo baada ya kuongeza chumba cha wazazi, chumba cha watoto kilibaki hakina dirisha hata moja, kiza mchana kweupe, na ikabidi watoboe dirisha upande mwingine, ununuzi wa grili, kioo na plasta ambao haukuwepo popote kwenye hesabu. Kama kuna dirisha linazibwa, gharama ya dirisha mbadala inaingia kwenye bajeti leo.

Na kama wazo lako ni kwenda juu badala ya pembeni, simama kwanza. Nyumba nyingi za chini hazikuwekewa msingi na nguzo za kubeba ghorofa. Hiyo ni kazi ya injinia na mwongozo huu hautakufaa.

Umefaulu pale ambapo wewe na wa nyumbani kwako mmesimama ndani ya kamba na wote mnakubali, na vipimo viko kwenye daftari.

## Hatua ya 2: Kagua nyumba ya zamani, ndo inayoficha gharama

Ukijenga nyumba mpya kwenye kiwanja kitupu hakuna siri nyingi. Ukiongeza chumba unaungana na kitu ambacho huenda hukukijenga wewe au umesahau kilivyojengwa, kwa hiyo toa siku nzima kwa ajili ya hatua hii.

Msingi. Chimba shimo dogo, upana wa futi mbili hivi, pembeni ya ukuta wa zamani mpaka uone zege la msingi linaishia wapi. Pima kina. Msingi mpya ushuke mpaka kina kile kile pale unapokutana na wa zamani. Ukiwa juu zaidi, chumba kipya kitakaa kivyake na baada ya mvua mbili unaona ufa umesimama wima kwenye kiungio kuanzia chini mpaka kwenye lenta. Na fundi asichimbe chini kuliko msingi wa zamani, wala asifungue mtaro mrefu wote kwa siku moja sambamba na ukuta. Achimbe vipande vifupi, cha mita moja hivi, amwage zege, aende kinachofuata. Kile kina ulichopima kinaingia kwenye hesabu ya tofali za msingi.

Paa. Panda ngazi. Bati la zamani ni la aina gani, mgongo upi, geji (unene) ngapi? Mbao zimeliwa na mchwa? Kwenye mfano wetu paa jipya linashuka kuelekea nje na bati zake zinaingia chini ya ncha ya bati za zamani. Maana yake safu ya mwisho ya bati za zamani itafunguliwa, na zikifunguliwa baadhi zinachanika kwenye matundu ya misumari. Weka bati mbili tatu za kubadilisha. Kama muundo wa bati lako hautengenezwi tena, ujue mapema.

Maji machafu. Choo kipya kinakwenda shimo gani? Pima umbali mpaka kwenye chemba ya karibu na uone kama bomba litapata mteremko. Kama shimo lililopo linajaa kila baada ya miezi michache na unaita gari la kunyonya, ukiongeza choo kingine utalazimika kuchimba shimo jingine, na hilo ni fungu lake kabisa, sio la kuchomeka kwenye "vifaa vya choo".

Umeme. Chumba kipya kivutiwe waya kutoka kwenye main switch, na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji). Kuvuta kutoka soketi ya sebuleni ndo chanzo cha soketi kuungua, tafadhali usikubali hata kama ni rahisi.

Mpaka. Tafuta bikoni au mipaka mliyokubaliana na jirani, na upime umebaki na nafasi gani. Chumba kikimwagia jirani maji ya paa utalipia gata ambayo hukuipanga, na ugomvi juu yake.

## Hatua ya 3: Kibali

Kuongeza chumba nako kunahitaji kibali cha ujenzi kutoka halmashauri yako. Anzia serikali ya mtaa, uliza idara ya mipango miji wanataka nini, mara nyingi ni michoro na nakala ya umiliki. Gharama ya michoro na ada iandike kama mstari wa kwanza wa bajeti. Watu wanaruka hatua hii kuokoa hela kidogo alafu kazi inasimamishwa wakati saruji iko tayari saiti, au siku moja wanakuta X nyekundu ukutani (alama ya kubomolewa). Uliza pia kama eneo lako limeguswa na hifadhi ya barabara.

## Hatua ya 4: Hesabu vifaa kimoja kimoja

Chukua zile mita 14.7 na twende. Usiogope, ni kuzidisha na kugawanya tu.

Tofali za ukuta. Tofali la inchi 6 lina urefu wa inchi 18 na kimo cha inchi 9. Ukijumlisha udongo wa katikati (mchanganyo wa saruji na mchanga), mita moja ya mraba inakula tofali 8 na nusu hivi. Mi naweka 10 kwa sababu zinavunjika kwenye kushushwa na nyingine zinakatwa. Kimo cha ukuta tuseme mita 2.8 kwa wastani: 14.7 × 2.8 = mita za mraba 41.2. Toa mlango wa choo na madirisha mawili, kama 3.6. Zinabaki 37.6. Zidisha kwa 10, tofali 376.

Tofali za msingi. Msingi unajengwa kwa tofali za kulaza, kwa hiyo zinaenda nyingi, kama 12 na nusu kwa mita ya mraba. Kama kimo cha msingi ni sentimita 75: 14.7 × 0.75 = 11. Hapo ni tofali 138, weka 150. Jumla ya tofali tunaita 525.

Saruji. Hapa ndo watu wanakisia zaidi. Ivunje kwa kazi:

- Zege la chini ya msingi, upana nusu mita, unene sentimita 15: mita za ujazo 1.1, mchanganyo wa 1:3:6 (saruji moja, mchanga tatu, kokoto sita), mifuko 5
- Jamvi (zege la sakafu), mita 4 × 3.6, unene sentimita 10: mita za ujazo 1.44, mchanganyo wa 1:2:4, mifuko 10
- Lenta, sentimita 15 kwa 20: mita za ujazo 0.44, mifuko 3
- Kujengea tofali 525: mfuko mmoja unajenga 55 mpaka 60, mifuko 10
- Plasta ndani na nje, mita za mraba 75 hivi: mifuko 10
- Sakafu ya juu ya jamvi: mifuko 4

Jumla 42, mi ningeandika 46. Kanuni ya kukumbuka: zege la 1:2:4 linakula mifuko 6 na nusu kwa kila mita ya ujazo, zege la 1:3:6 mifuko 4 na nusu hivi. Na saiti, mfuko mmoja wa kilo 50 ni kama lita 35, kwa hiyo kwa zege la 1:2:4 fundi anaweka ndoo 3 na nusu za mchanga na ndoo 7 za kokoto, ndoo za lita 20. Ukijua hilo unaweza kusimama pale ukahesabu ndoo na hakuna atakayekudanganya.

Nondo. Lenta ina nondo nne za mm 12 zinazozunguka kuta zote: 14.7 × 4 = mita 59, ongeza za kulaliana (kila kiungio sentimita 60 hivi), mita 65. Nondo moja ina mita 12, kwa hiyo nondo 6. Ringi (vyuma vinavyozifunga nondo nne pamoja) kila baada ya sentimita 20 ni ringi 74, kila moja inakula sentimita 60, jumla mita 44, nondo 4 za mm 8. Na binding waya.

Mchanga na kokoto. Mchanga kama mita za ujazo 5, kokoto kama 3. Usiagize kwa "tripu" bila kupima bodi la gari: urefu × upana × kina. Tripu ya gari moja na tripu ya gari jingine ni vitu viwili tofauti kabisa, na wengine wanaweka kilima katikati huku pembeni ni patupu.

Kifusi. Hiki ndo kifaa kinachosahauliwa kuliko vyote. Kati ya kuta za msingi kuna shimo la kujaza kabla ya jamvi. Kwetu ni 4 × 3.6 × kina cha sentimita 45, mita za ujazo 6.5. Udongo uliotoka kwenye mtaro hautoshi, na ukiwa mweusi wa mfinyanzi haufai kabisa. Nunua kifusi kizuri, kishindiliwe kwa matabaka na maji.

Bati. Urefu wa bati pamoja na kibaraza ni kama mita 4.3, upana wa kufunika mita 5. Uliza dukani bati linafunika upana gani *baada ya kulaliana*, sio upana wake likiwa peke yake. Tuseme sentimita 75: 5 ÷ 0.75, bati 7. Hapo ni mita 30 za bati, alafu ongeza zile za kubadilisha kwenye paa la zamani. Mbao mwambie fundi paa akuorodheshee kwa idadi na saizi, 2 kwa 4 ngapi, 2 kwa 2 ngapi, zenye dawa ya mchwa, na umuulize kila mbao inakaa wapi.

Vilivyobaki (mlango, fremu, grili, madirisha, sinki la choo, bomba, vigae, waya, taa, dari, rangi) viorodheshe ukitembea chumba kwa chumba ndani ya kamba zako. Ukifika kwenye choo gusa kila kitu unachotumia asubuhi, kuanzia komeo la mlango mpaka koki ya maji, ndo utapata orodha kamili.

Umefaulu pale ambapo hakuna mstari hata mmoja kwenye daftari ulioandikwa "vitu vingine vidogo vidogo".

## Hatua ya 5: Bei, maduka matatu, karatasi moja

Nakili orodha ile ile mara tatu, peleka maduka matatu, kila duka lijaze bei. Ukiuliza kwa mdomo utapewa bei ya kitu tofauti kila mahali na hutojua.

Linganisha bei ikiwa imefika nyumbani. Duka la mbali likikupunguzia shilingi 500 kwa mfuko, kwa mifuko 46 umeokoa 23,000, na kirikuu (pikapu ndogo) cha kukuletea ni 40,000. Hujaokoa. Uliza pia bei ni pamoja na VAT au bado, maana asilimia 18 ikiongezwa kaunta inaharibu kila kitu.

Kuna vitu viwili vya kupima kwa mikono yako. Nondo ya mm 12 yenye mita 12 ina uzito wa karibu kilo 10.6, omba wakupimie moja kwenye mizani. Ikija kilo 9 hiyo sio mm 12, hata kama imeandikwa. Na bati, geji 28 ni nene kuliko geji 30, namba ikipanda bati linakuwa jepesi, kuna watu wanauziwa 32 wakidhani wamepata zuri zaidi kwa sababu namba ni kubwa.

Tofali nazo, usinunue kwa bei tu. Okota moja, kwaruza kona kwa msumari. Ikimomonyoka kama mchanga wa ufukweni achana nayo, aliyezifyatua katoa tofali nyingi mno kwenye mfuko mmoja wa saruji.

## Hatua ya 6: Ufundi kwa hatua, na maandishi

Patana ufundi kwa hatua: msingi mpaka jamvi, kuta mpaka lenta, kupaua, plasta na sakafu. Kila hatua na bei yake, imejumuisha saidia fundi au hapana, chakula juu ya nani, vifaa vya kazi vya nani. Andikeni kwenye karatasi, saini mbili na shahidi.

Hela ya kuanzia isizidi theluthi ya hatua ile, na bakiza kidogo cha mwisho mpaka umwone na timazi (kamba yenye uzito ya kupima kama ukuta umenyooka) ukutani. Fundi mzuri hakatai hili, naye anataka kujua atalipwa lini. Nimeshaona kazi nzuri ikiharibika sio kwa sababu fundi ni mbaya, ni kwa sababu mwenye nyumba alikuwa anatoa elfu kumi kumi kila jioni bila kuandika, mwisho wa mwezi kila mtu ana jumla yake kichwani na wote wanaona wamedhulumiwa.

## Hatua ya 7: Gharama ambazo hazina duka

Ziandike kama mistari ya kweli:

- Maji. Kuchanganyia na kumwagilia zege na kuta siku 7 asubuhi na jioni. Kama mgao wa maji ni mbaya kwenu ni boza au madumu.
- Kushusha mzigo. Tofali 525 hazishuki zenyewe.
- Mbao za kufungia lenta, za kukodi au kununua.
- Kubomoa na kutoa kifusi cha ukuta wa zamani.
- Kurudishia plasta na rangi *upande wa sebuleni*, huko mlango mpya ulikotobolewa. Karibu kila mtu anaisahau.
- Ulinzi wa nondo na saruji usiku.
- Makato ya kutuma na kutoa hela kwenye simu. Kwa kazi ya milioni kadhaa inakuwa hela ya kueleweka.
- Nauli zako mwenyewe.

## Hatua ya 8: Gawa bajeti kwa vituo, na usiguse nyumba ya zamani mapema

Kama una haraka ruka zote ila usiruke hii.

Mwaka ule tulipoongeza chumba kwetu tulikuwa na hela ya kuta zote na nusu ya paa. Fundi akasema tufungue bati za zamani ili mbao mpya zikae, bati mpya tutanunua mwisho wa mwezi mshahara ukitoka. Ilikuwa mwanzoni mwa mwezi wa tatu. Mvua ya kwanza ya masika ilikuja usiku wa tatu. Turubai lilijaa maji likachanika katikati, maji yakapitia darini mpaka chumba cha watoto, nakumbuka nikiwa nimeshika tochi ya simu mdomoni huku nakusanya madaftari ya shule yaliyoshikana kurasa, na mke wangu anaburuta godoro zito kama mtu. Dari la sebule tulibadilisha lote. Ile dari ilitugharimu zaidi ya zile bati 7 tulizokuwa tunasubiri mshahara.

Tangu hapo kanuni yangu ni moja: ukuta wa zamani hautobolewi na bati la zamani halifunguliwi mpaka paa jipya lote, mbao, bati na misumari, liwe limelala uani na hela ya fundi paa iko mfukoni. Chumba kipya kinaweza kusimama peke yake pembeni ya nyumba miezi, hakuna anayedhurika. Nyumba iliyofunguliwa haisubiri.

Kwa hiyo gawa bajeti hivi:

Kituo A, msingi mpaka jamvi. Ukimaliza jamvi unaweza kupumzika hata mwaka. Usianze kituo hiki kama huna hela ya kukifikisha mwisho, kwa sababu mtaro ulioachwa wazi pembeni ya nyumba unajaa maji na maji yanalainisha udongo chini ya msingi wako wa zamani.

Kituo B, kuta mpaka lenta. Usisimame kabla ya lenta. Ukuta mrefu usiofungwa juu ni hatari, hasa kama watoto wanacheza pale. Ukifika lenta na hela imekata, funika juu na uache, kutoboa bado. Mwambie fundi aunge ukuta mpya na wa zamani kwa vipande vya nondo vilivyochimbiwa kila baada ya kozi (safu za tofali) mbili tatu, tofali jipya likiegemea tu kwenye plasta ya zamani lazima liachie.

Kituo C, paa. Siku chache mfululizo, vifaa vyote vikiwepo. Pale bati jipya linapokutana na la zamani mwagia maji ndoo tano sita na mtu awe chini anaangalia, kabla fundi hajalipwa.

Kituo D, kutoboa mlango, umeme, bomba, plasta, sakafu, rangi. Waya na mabomba yanapita kabla ya plasta. Kituo hiki kinagawanyika, unaweza kulala kwenye chumba chenye plasta bila rangi.

Umefaulu ukiwa na jumla nne, sio moja, na unajua leo una hela ya kufika kituo kipi.

## Hatua ya 9: Dharura na kalenda

Nyumba mpya watu wanaweka asilimia 10 ya dharura. Kuongeza chumba weka 15, kwa sababu ya zile siri za hatua ya 2. Kama jumla ni milioni 9, hiyo ni 1,350,000, na inakaa sehemu tofauti, sio kwenye simu ile ile unayonunulia vocha. Mabadiliko ya mawazo (vigae vizuri zaidi, dirisha kubwa zaidi) hayaitwi dharura.

Pwani masika ni Machi mpaka Mei na vuli Oktoba mpaka Desemba. Kituo C kiwe Juni mpaka Septemba, au Januari na Februari. Anza kuhesabu kurudi nyuma kutoka hapo: zege linahitaji siku 28 kufika nguvu yake, tofali zinatakiwa zikauke, kibali kinachukua muda wake.

Kama unakusanya hela kidogo kidogo kwa kikoba au mchezo, nunua vitu visivyoharibika kwanza: tofali, kokoto, nondo. Saruji nunua wiki ya kazi. Mfuko ukikaa miezi mitatu kwenye unyevunyevu unaanza kuwa na mabonge, na mabonge yasiyopondeka kwa vidole hayafai. Duka likikubali ulipie polepole upewe mzigo baadaye, dai risiti yenye idadi ya vifaa na sio kiasi cha hela tu, ili bei ikipanda mifuko yako ibaki mifuko yako.

## Hatua ya 10: Daftari kila jioni

Kurasa mbili zikitazamana. Kushoto kile ulichopanga, kulia kile kilichotoka, kwa siku, pamoja na idadi ya mifuko iliyobaki stoo. Dakika kumi tu.

Sababu ni kwamba kuzidi kwa bajeti kunaanza mapema na kimyakimya. Kama zege la msingi lilipangiwa mifuko 5 na imeenda 8, usisubiri mwisho. Pima upana wa mtaro kesho asubuhi, huenda fundi kachimba sentimita 70 badala ya 50. Ukiligundua hilo siku ya pili unaongea naye mkiwa bado mnacheka, ukiligundua kwenye lenta tayari mifuko mitatu imeshafukiwa na hakuna wa kuirudisha.

Na kila kituo kikiisha, jumlisha upya vituo vilivyobaki kwa bei za wiki ile, kabla hujamwambia fundi aje Jumatatu.